Chumba cha Boila Kitakuwa Changu

Jumatatu, 13 Oktoba

Baridi. Giza. Zamu yangu ya kuni. Zamu yangu tena! Babu Evert anashikilia kwamba zamu huzunguka. Huzunguka kweli, kama mbuzi aliyefungwa kamba: haziendi mbali na mimi.

Nimeshuka chini na kapu, nimelisha boila, lile tanuri la kuipasha nyumba joto, nimeungua kidole, nimenuka moshi hadi shuleni. Kipindi cha kwanza, msichana wa dawati la mbele amegeuka akauliza kama kuna mtu humu ndani anakausha nyama. Nimetazama dirishani kama mtu ambaye naye angependa kujua.

Lakini jioni, habari njema! Baba ametangaza mezani kwamba tunaachana na kuni. Tunachimba. Kampuni itatoboa shimo uwanjani, jembamba kama kisahani cha kikombe, refu kwenda chini kuliko mnara wowote wa mji wetu wa Falun unavyokwenda juu, na joto la mwamba litapanda kwa bomba mpaka nyumbani. Hakuna kuni. Hakuna masizi. Mama, aliyekuwa ametoka zamu ya hospitali na bado amevaa viatu vya kazini, amesema hotuba hiyo ameisikia tangu mdogo wangu Moa hajaota meno. Baba amesema safari hii mkataba ameshautia sahihi. Mama ameacha kutafuna.

Nami nimeeleza kidogo. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba juu ya jambo hili. Nimeeleza kwamba mwamba ulio chini yetu una nyuzi sita tu mwaka mzima, na kwamba pampu huukamua ujoto huo mdogo mpaka uwe joto la haki, kama friji inayofanya kazi kinyume. Nimechora kwenye kitambaa cha karatasi. Nilipofika kwenye mgandamizo wa gesi, Moa akaomba ruhusa akaoshe vyombo. Moa! Vyombo!

Jambo kuu sikulieleza. Pampu ikija, boila inaondoka. Boila ikiondoka, chumba chake kinabaki kitupu. Chumba kidogo, kikavu, chenye kuta nene na mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani. Mimi hulala katika nusu ya chumba. Nusu ya pili, nyuma ya ubao wa plaiwudi, hulala dada yangu Moa, miaka kumi na miwili, pamoja na tarumbeta lake. Alilianza Agosti. Anajua wimbo mmoja. Hajaufikisha mwisho.

Chumba cha boila kitakuwa changu. Rafu, taa, kiti, vitabu, kimya.

Kukiomba? Hapana. Nikiomba, Moa atajua nakitaka. Kitu ninachokitaka mimi, Moa hukitaka papo hapo, na Moa huomba kwa sauti. Wenye akili hawaombi. Hupanga.

Jumanne, 14 Oktoba

Kuna tatizo. Tatizo lina jina: Gun-Britt Norling.

Uwanja wetu ni mdogo. Shimo linaweza kukaa mahali pamoja tu, kando ya uzio, na manispaa inataka shimo la karibu namna hiyo likubaliwe na jirani kwa sahihi yake. Sahihi ifike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwisha. Isipofika, wachimbaji wanampa mtu mwingine nafasi yetu, na sisi tunangoja mpaka Aprili. Yaani msimu mwingine mzima wa kuni. Wa plaiwudi. Wa tarumbeta.

Bi Gun-Britt anakaa ng'ambo ya uzio. Ukirusha kopo linafika. Hatujasemezana naye tangu vuli ile dhoruba ilipoinua trampolini yetu, ikairusha juu ya uzio, ikaitua kwenye kibanda chake cha kioo cha nyanya. Baba alilipia vioo, akatumbukiza barua ya radhi katika sanduku lake la posta. Akajibiwa kwa kikaratasi: "Asante." Basi. Neno moja. Baba amekuwa akilichambua neno hilo kwa miaka mitatu. Anasema lina ubaridi ndani yake.

Asubuhi amejibanza nyuma ya pazia la jikoni akingoja Bi Gun-Britt atoke, ili naye atoke kana kwamba ni bahati tu. Bi Gun-Britt akatoka. Baba akachutama. Amesema haukuwa wakati mwafaka, mama wa watu alikuwa amebeba ndoo. Mama amemuuliza kwani anangoja abebe nini, shada la maua?

Nisimcheke Baba. Mtaani kwetu kila mtu huchungulia kwanza kabla ya kufungua mlango, asije akakutana na mtu na kulazimika kusema habari za asubuhi. Ndiyo adabu.

Babu amefurahi waziwazi. Babu hataki shimo. Ukuta wake wa kuni nyuma ya nyumba umepangwa kwa ustadi hata watu hupunguza mwendo wa magari wautazame. Ameniambia stooni, akipanga makopo yake ya samaki wa kuchachuka, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kimoyomoyo kwamba shimo lina upana wa kisahani, haliingii hata paka. Kisha akaanza ile hotuba ya makopo: yakae kwenye baridi, kopo likipata joto huvimba, likivimba likimbie, maana litapasuka na uvundo hautatoka. Kila mwaka hotuba ileile. Babu hutia chumvi kuliko hao samaki wenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimetekeleza Mpango wa Kwanza!

Mtu hulainishwa kwa wema. Wema wa siri, maana wema wa wazi unaleta mazungumzo. Bi Gun-Britt huenda mazoezi ya kwaya kila Alhamisi mchana. Nimeruka uzio na reki. Nimekusanya kila jani la uwanja wake, pamoja na lundo kubwa la ovyo lililoachwa pembeni, na matawi juu yake. Magunia yote nimeyaficha karibu na boila. Uwanja wa Bi Gun-Britt sasa unang'aa kama kichwa cha mwalimu wetu wa kemia.

Atarudi. Atashangaa. Moyo utalainika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Moyo haukulainika.

Lundo la ovyo halikuwa la ovyo. Lilikuwa nyumba ya kalunguyeye. Bi Gun-Britt aliijenga kwa mikono yake ili mnyama alale humo mpaka theluji iyeyuke. Leo kila nguzo ya taa mtaani ina karatasi: "Wewe uliyevunja nyumba ya kiumbe asiye na sauti, jitafakari." Nimejitafakari njia nzima ya shule. Mtaa wetu una nguzo nyingi.

Jioni taco, ile mikate ya Meksiko ya kukunjiwa nyama, sofa na televisheni, kama kila Ijumaa na kila nyumba. Filamu ikiwa katikati, Babu akaingia na boksi. Ndani: kalunguyeye, amejikunja kama mpira. Kamkuta amelala ndani ya kuni zake. Mama akamwambia ampeleke kwa mwenyewe. Babu akanung'unika kwamba huyo mama hata hamjui vizuri, wamekaa jirani miaka kumi na tisa tu. Akaenda.

Alirudi filamu imekwisha. Kumbe alikunywa kahawa! Na alikuwa anapiga mbinja! Moa akamtania: Babu, mbona umechanua? Babu akasema akome, ni mambo ya kalunguyeye tu.

Kwa hiyo mimi nimebomoa, Babu amevuna. Vizuri sana.

Jumapili, 19 Oktoba

Mpango wa Pili. Nimeoka mikate ya mdalasini ya kuviringisha. Nimeiacha kwenye ngazi ya Bi Gun-Britt na kadi: "Kutoka kwa jirani anayekujali." Jina sikuandika. Jina huleta mazungumzo. Nilikusudia kesho kupeleka kadi ya pili, itakayogusia, kwa mbali, habari za mashimo.

Mchana akaita juu ya uzio. Hakuniita mimi. "Evert! Ama kweli! Mikono ya mpasua kuni, inaviringisha mkate laini hivi?"

Nilikuwa nyuma ya banda la kuni. Nikangoja Babu aseme ukweli. Babu akafikiri kidogo, akasema siri yake ni iliki.

Siri yake ni iliki! Babu hajui hata kuchemsha yai.

Amekwenda tena kwa kahawa, safari hii na shati la kanisani. Aliporudi nimemuuliza, kwa kuzunguka sana, kama kuna lolote lililosemwa juu ya mashimo. Amesema eti Bi Gun-Britt anaupenda moshi wa kuni zetu kupita kiasi, unamkumbusha utoto wake, na sahihi hatoi ng'o. Ameongeza kwamba hilo ni pigo kwetu sote. Amelisema huku anatabasamu mpaka meno ya bandia yamecheza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Anaupenda moshi? Vema. Mpango wa Tatu: apewe moshi.

Nimetoka shule nikaenda moja kwa moja chini. Majani ya magunia yalikuwa bado mabichi, yamelowa, yanavuja maji meusi. Nimeijaza boila mpaka mlango ukakataa kufunga. Nimeusukuma kwa mguu. Nilikuwa nimesoma utabiri: upepo kutoka magharibi. Bi Gun-Britt yuko mashariki. Nusu saa ya moshi kama huo, na yeye mwenyewe angekuja kutuomba tuchimbe. Sayansi tupu.

Upepo haukuwa umesoma utabiri.

Moshi mzito wa manjano ulitoka juu, ukafikiri, ukashuka. Uliingia kwetu kwa madirisha, kwa mlango, kwa tundu la barua. Shuka za Mama zilizokuwa kambani zimekuwa rangi ya chai. Moa alikimbia nje na tarumbeta kifuani kama mama aliyeokoa mtoto. Mpita njia akawaita zimamoto. Gari zima likaja, na king'ora. Mtaa mzima ukatoka bila kuchungulia kwanza. Watu waliokaa hapa tangu kabla sijazaliwa walisimama pamoja barabarani na kuulizana majina. Natumaini walifurahi.

Bi Gun-Britt hakuwepo. Babu alimchukua mjini kutazama mashoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Amekuja fundi wa dohani. Ameingiza kamera, ametikisa kichwa, ametupigia marufuku. Dohani ina ufa mrefu, wa siku nyingi. Tusiwashe tena hata kijiti. Amesema tushukuru moshi wa jana, umeonyesha ufa ambao ungeweza kutulaza sote tusiamke. Nusura nimjibu, "Karibu sana."

Mama ameuliza ni nani aliyetia majani kwenye boila. Nimesema nilikuwa nafanyia majaribio nishati mbadala. Mama ameniletea shuka na beseni.

Sasa hatuna moto wa kuni, na hatuna pampu. Sebuleni nyuzi kumi na mbili. Tunakula na makoti. Moa anapiga tarumbeta na glavu, hakuna tofauti.

Babu amekaa alasiri nzima juu ya gogo lake la kupasulia, shoka mapajani, akiutazama ukuta wa kuni. Nilimpelekea kahawa. Hakuniuliza lolote. Alisema tu kwamba kuni za chini alizipasua mwaka ule Bibi alipofariki, hakujua afanye nini na mikono. Nikasimama pale. Nilihisi kitu kifuani. Huenda ni moshi wa jana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kesho ndiyo mwisho.

Tumehamia jikoni. Jiko la kuokea liko wazi, sisi tumelizunguka kama kuku wa kienyeji. Mama amesema leo mtu atavuka uzio, asipopatikana mtu atavuka yeye na hatarudi, maana kule kuna joto, anaona Bi Gun-Britt anatembea na blauzi. Baba akaingia chooni kufanya mazoezi mbele ya kioo. Tulimsikia: "Habari za jioni, Gun-Britt. Naitwa Jörgen. Mimi ni jirani yako." Mama akampigia kelele: "Anajua wewe ni jirani yake, trampolini ilimwambia!"

Mimi nilikuwa tayari na Mpango wa Nne. Nimeandika maelezo kamili ya joto la mwamba, kurasa ishirini na mbili, na michoro, na orodha ya vitabu. Hakuna binadamu mwenye akili atakayeyasoma akakataa. Kazi yangu ilikuwa kuyapenyeza katika sanduku lake la posta na kutoweka.

Nimefika langoni. Mlango wake ukafunguka! Nikajitupa nyuma ya pipa la taka.

Alikuja kumtazama kalunguyeye wake. Akainama, akamnong'oneza, akapanga majani. Mguu wangu mmoja ukafa ganzi. Kisha wa pili. Nikasikia viatu kwenye changarawe. Moa. Alipita mbele ya pipa, akageuza kichwa, akasema, "Mambo, Ture," akaendelea na safari.

Nilisikia yote.

"Shikamoo Bi Gun-Britt. Sisi kwetu tunaganda. Tunataka kuchimba shimo la joto hapo karibu na uzio wako. Utatutilia sahihi?"

"Marahaba. Nitatia. Kalamu unayo?"

Kalamu alikuwa nayo. Kwisha. Hata yai lisingewahi kuiva kwa muda ule.

Halafu Bi Gun-Britt akacheka, akasema pampu ya namna hiyo yeye mwenyewe anayo, mwaka wa kumi na mbili huu, na amekuwa akijiuliza hawa watu watakuja kumwuliza lini. Kila baba yako akiniona anachutama, alisema, nikadhani ni mgongo. Moa akamwuliza habari ya kuupenda moshi. Moshi! Nani kasema? Mimi nina pumu, mwanangu. Nikiuona moshi wenu nafunga hata tundu la ufunguo.

Amempa Moa keki ya tufaha na vifaa viwili vya umeme vya kupasha joto, vya kuazima. Akaongeza kwa sauti kubwa kwamba kipande kimoja ni cha huyo kijana wa nyuma ya pipa, aende ndani sasa, asije akapata mgongo kama wa baba yake.

Nyumbani kila mtu alimtazama Babu. Babu aliyaona mambo mengi ya kupendeza kwenye dari.

Kwa haki, ni lazima isemwe: ushindi huu una mikono mingi. Bila kalunguyeye, mikate na moshi, Bi Gun-Britt asingekuwa katika hali nzuri kiasi hicho. Kurasa zangu nimezihifadhi.

Jumanne, 4 Novemba

Wachimbaji! Mtambo kama twiga wa chuma. Umeunguruma tangu asubuhi. Vikombe vimetembea vyenyewe kabatini. Udongo wa mwamba umetoka kama uji wa kijivu, ukamwagika kwenye bustani na kupaka gari la Baba upande mzima. Baba amesema si kitu. Amelisema mara nyingi mno.

Bi Gun-Britt na Babu wameleta viti, wamekaa kando ya uzio wakitazama kama watu wa sinema. Babu alisusa mpaka alipoambiwa kwamba shimo limeshapita mwamba mgumu. Akauliza ugumu kiasi gani. Akauliza ncha ya kuchimbia inanolewa wapi. Sasa yeye na dereva wa mtambo wanaitana kwa majina.

Mimi nilikuwa chini, napima. Boila imekwisha kukatwa na kutolewa. Chumba kitupu! Kimesuguliwa! Nimepiga makofi mara moja nisikie mwangwi. Nimechora mahali pa kila rafu. Nimeanza kushusha vitabu, vichache vichache, chini ya nguo chafu. Mama amesema ni jambo la kutia moyo kwamba sasa nafua mwenyewe.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika haya yawe ushahidi.

Fundi wa pampu amefika. Nyuma ya gari lake kulikuwa na kabati jeupe, kubwa kuliko friji yetu, na pipa refu la maji. Ameuliza chumba cha boila kiko wapi.

Nimemuuliza ni cha nini. Ni sentensi ya kwanza ambayo nimewahi kumwanzia mtu nisiyemjua.

Amesema cha kuweka pampu.

Nimemwambia kwamba pampu inakaa ardhini.

Alinitazama kwa upole. Akasema ardhini kuna bomba tu, kijana. Pampu ikikaa ardhini, nani atashuka kuibonyeza? Baba akacheka sana, cheko la mtu aliyeupata ukweli huo dakika hiyohiyo.

Nimerudi kwenye vitabu. Kipo. Kuna mchoro mzima, na mshale, na kimeandikwa "chumba cha mitambo". Niliupita ukurasa ule kwa sababu ulikuwa juu ya vyumba, nami nilikuwa nasoma juu ya joto.

Fundi alikuta vitabu vyangu. Mama akauliza ni vya nani na vinafanya nini humo. Nikasema naona vimehama. Vimerudi juu, mbele ya macho ya watu.

Bado sijafika kwenye baya. Pampu na pipa vimechukua upande mmoja. Imebaki nafasi ndogo ya kutosha kiti kimoja. Kiti kimoja! Nilikuwa bado nasafisha koo langu, natafuta neno la kuanzia, Moa akasema: "Mama, naomba nifanyie mazoezi humo." Mama akasema sawa.

Sawa! Neno moja!

Baadaye nikamwambia Moa, kwa ukali wa kutosha, kwamba chumba kile nilikuwa nakitaka mimi. Akashangaa kabisa. "We Ture, si ungesema? Mimi ningefanyia hata bafuni."

Pampu inanguruma usiku na mchana, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Moa amefurahi, anasema ndiyo noti ya kwanza ya wimbo wake, sasa hataikosa. Na mabomba ya joto yanapita kila chumba. Nimegundua kwamba hayachukui joto tu. Tarumbeta nalisikia miguuni, kichwani na mgongoni kwa wakati mmoja.

Nyumba ina nyuzi ishirini na moja. Wote wanasema raha iliyoje.

Jumapili, 30 Novemba

Nyota za karatasi za kungojea Krismasi zinawaka madirishani mtaa mzima. Theluji. Majira yanageuka, na bahati yangu pia!

Babu anahama. Anavuka uzio. Bi Gun-Britt ana meko ya wazi ukumbini, kwa mapambo, haiwashwi, lakini anasema meko bila kuni zilizopangwa inaonekana kama mdomo bila meno. Babu amekuwa akiupanga ukuta wake upya kule tangu wiki iliyopita, kuni zile za chini kabisa, za mwaka wa Bibi, zikiwa za kwanza kuvuka. Leo amebeba na mto wake. Amesema ni kwa majaribio. Kabla ya kuvuka amenivuta pembeni, akaniuliza, kwa sauti ya chini, ile mikate hufanywaje, anaombwa mingine.

Kwa hiyo chumba chake kiko wazi! Chumba kizima, hakina plaiwudi, kina mlango, kina dirisha la kusini na rafu za ukuta mzima. Mama amesema wakati wa chakula cha jioni: chumba cha Babu kiko wazi, anayekitaka aseme. Akanitazama mimi. Baba akanitazama mimi. Moa akasema yeye hakitaki, ameshazoea kwake.

Hakitaki! Mbinu ya zamani hiyo. Anataka niropoke, nijianike, kisha aombe yeye. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nimelimeza na kiazi. Nimesema tu kwamba theluji ni nyingi mwaka huu. Mama amefumba macho kidogo. Nadhani ni uchovu wa zamu.

Mpango wa Tano ni mwepesi, na hauna moshi. Nimeshuka stooni, nimechukua kopo moja la samaki ambalo Babu amelisahau, nimelificha katika chumba kile, nyuma ya kile chuma cha ukutani cha kupashia chumba joto, limegusa bomba kabisa. Likishika joto, litatoa harufu kidogo tu, kama ya soksi. Moa atapitisha pua, atasema kinanuka, ataacha kukitaka. Nami nitapewa bila kuomba. Babu aliwahi kusema jambo fulani juu ya makopo na joto, lakini Babu ndiye aliyesema Bi Gun-Britt anapenda moshi.

Vitabu vyote nimeshavihamishia humo, viko tayari kwenye rafu iliyo juu yake.

Nimekwenda kulikagua sasa hivi. Pampu inafanya kazi vizuri ajabu. Kopo ni la moto, na limeanza kutuna kidogo pande zote mbili. Mpango unakua.